Usitie Kidole, Utamkata Zakayo Maneno

Mpendwa dada Rasoa,

Miaka yote hii nimekuwa nikikuandikia kichwani, hasa ninapopiga pasi, maana pasi ni kazi ya mtu mmoja na akili hubaki haina la kufanya. Leo nimechukua kalamu. Ningeweza kuikunja barua hii nikaificha sandukuni chini ya nguo, lakini nimeamua iende wazi, asome anayetaka. Ndani yake kuna jambo ambalo wewe hukulijua, na kuna mengine ambayo wanawake wa hapa mjini Sisibo wanapaswa kuyajua. Utanisamehe kwa kukutangaza. Ukinikasirikia nitaelewa pia, nimezoea hasira zako na hazikuwahi kufika jioni.

Nina hamu nawe, dada. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kubwa, na mengine yote yamelizunguka. Nina hamu hata na yale uliyoniudhi nayo. Ulikuwa unakwangua ukoko wote wa ugali kabla sijakaa, halafu unaniuliza kwa sura ya mtu wa kanisani, “Kwani ulitaka?” Siku hizi ukoko ni wangu peke yangu na mara nyingi nautupia kuku.

Unakumbuka chumba chetu kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, chenye paa la madebe yaliyopigwa bapa? Mvua ikinyesha hakuna aliyemsikia mwenzake, Mama akawa anatuamuru kwa mikono. Baba alikuwa akishona magunia kwenye ghala la mahindi, na hata nyumbani vidole vyake vilibaki vimekunjwa kana kwamba bado ameshika shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Sisi wawili tulifulia nyumba za Wazungu, na kila Jumatatu tulishuka mto Sosiani na mablanketi yao mazito.

Mto huo siupiti bila kukuona. Blanketi lililolowa halikamuliwi na mtu mmoja. Wewe ulishika pembe mbili, mimi pembe mbili, mimi nikasokota huku, wewe ukasokota kule, na mmoja wetu lazima atoe neno ili tuanze pamoja. Neno letu lilikuwa “Haya!” Mimi ndiye niliyelisema kwa sababu wewe ulisema sauti yangu inafaa kufukuza ndege shambani. Tulikamua mpaka maji yakaisha, tukacheka mpaka wanawake wengine wakatuuliza tumekunywa nini asubuhi.

Wanaosoma hawakukujua, kwa hiyo niwaambie kuhusu sikio lako la kushoto. Tangu utotoni lilikuwa likitoa usaha, likikauka, likirudi. Mama alilipangusa kwa pamba, akasema ni mafua ya sikio. Tulilizoea jinsi watu wanavyozoea mlango usiofunga vizuri. Msimu ule wa mvua ulishikwa na mafua ya kweli, sikio likauma, likatoa usaha mwingi, na Jumamosi likakauka kabisa. Mama alifurahi. “Limekauka, Mungu asifiwe,” alisema, na wote tukafurahi naye.

Jumatatu tukashuka mtoni. Jua lilikuwa linakupiga machoni, ukageuza uso upande, sikio la kushoto likanielekea. Nikasema, “Haya!” Nikasokota. Wewe hukusokota. Blanketi likaniponyoka, likaangukia kwenye tope, na lilikuwa lile jeupe la memsabu, yule bibi wa Kizungu.

“Unaota Zakayo?” nikakuuliza kwa hasira.

“Hukusema kitu.”

“Nimesema.”

“Hukusema, Jerusa. Ama umesema na tumbo.”

Halafu ukaweka kiganja kwenye sikio na uso wako ukabadilika, ukawa uso wa mtu anayesikiliza mlango. Ukatabasamu. “Hii sikio inalia,” ukasema. “Vuuuu. Kama posho mili ikisaga unga mbali.”

Kwetu sikio likilia, kuna mtu anakutaja. Hilo hatukulitunga sisi, tulilikuta, na hata leo watu wanalisema. La kulia ni masengenyo, la kushoto ni mapenzi. Na wewe ulikuwa na mtu. Zakayo alikuwa akibeba magunia pale pale ghalani kwa Baba, akaja kukuposa na kuku wawili na aibu nyingi, kisha vita vya Wazungu vikamchukua ng'ambo, kwenye nchi ya Bama. Barua yake moja ulikuwa umeisoma mpaka mikunjo ikaanza kukatika. Sasa sikio la kushoto linalia mchana kweupe katikati ya mto. Ilikuwa nini kama si yeye?

Nilisahau tope na memsabu pia. Nilishangilia. Nikawatangazia wanawake wote waliokuwa mtoni kwamba kule Bama vita vimesimama ili mtu apate nafasi ya kumtaja Rasoa. Wewe ulikuwa unacheka na kuona haya, na katika ile haya ukainua kidole kidogo ukataka kukitia sikioni.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, dada. Nikakupiga mkono. “Usitie kidole!” nikasema. “Utamkata Zakayo maneno!”

Ukauliza kama ni kweli. Nikajibu, kwa ile sauti ya kufukuza ndege, kwamba ni kweli kabisa, kwamba bibi yetu alisema sikio linalotajwa haliguswi, haliingizwi kitu, hata pamba, kwa kuwa ukilikatiza yule anayekutaja anasahau jina lako. Bibi hakusema hivyo. Hakuna aliyesema hivyo, si kwetu wala kwingine. Nililibuni mtoni pale pale ili nione utafanya uso gani. Ndilo jambo ambalo hukulijua.

Ulifanya uso mzito, ukashusha kidole. Wewe ulikuwa mkubwa wangu kwa miaka mitatu, mwenye akili kunishinda, na bado uliniamini, kwa kuwa ulitaka iwe kweli.

Siku zilizofuata tulikula utani huo kama chakula. Asubuhi nilikuuliza, “Ameamka?” Ukasema ameamka. Ukiwa unapepeta mahindi nilikuja upande wa kushoto nikakuita kwa sauti ya kawaida, hukugeuka, nikawaambia watu, “Hamuoni? Yuko kwenye mazungumzo.” Sikuwahi kujiuliza mtu aliyesikia vizuri Jumapili amekosaje kusikia Jumatatu. Usikivu wako wa upande mmoja ulikuwa umezimika kwa siku moja, na mimi nikaufanya mchezo.

Jumatano Mama alikuja na mafuta ya vuguvugu akitaka kutia matone mawili. Ulikataa ukashika sikio kwa mikono yote miwili. Sijui kama mafuta yangesaidia, nadhani yasingesaidia kitu, lakini pengine angetazama. Mama alitazama kila kitu alichokigusa. Alhamisi ulipokuwa ukitoka bombani, debe likakuponyoka na wewe ukashika ukuta. Ulisema dunia imezunguka. Nikasema umelewa mapenzi, na Mama akasema ni njaa, ukapewa uji.

Jumapili tulikutana na Kiprono mlangoni mwa kanisa. Alikuwa jirani yetu, Mnandi wa upande wa Kiplombe, dresa, mfunga vidonda katika hospitali, yule ambaye watoto walimkimbia kwa sababu ya harufu ya dawa kwenye koti lake. Alikuona umeinamisha kichwa.

“Dada, sikio inakusumbua? Wacha nione kidogo.”

“Hapana, iko sawa tu,” ukasema, ukavuta kitambaa kikafunika.

Mimi nikadakia. “Muache huyo, Kiprono. Anaongea na bwana yake. Ukiingiza vyombo yako huko utakata maneno.”

Kiprono alicheka kidogo, kisha akaacha. “Lakini anasikia na hiyo?”

“Anasikia ya Bama. Ya sisi ndiyo hasikii.”

“Jerusa, mimi sichezi. Kesho asubuhi mumlete pale.”

Nikaitikia vizuri, kama mtu mwenye adabu. Kesho yake ilikuwa Jumatatu na mablanketi yalikuwa yanangoja.

Jumatatu hiyo hukuweza kwenda mtoni. Ulikuwa na homa, na nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, pekundu, mpaka sikio lenyewe likasukumwa mbele kama la mtu anayetega. Mama alisema ni tezi, itashuka. Nilikamua na mke wa jirani, mwanamke mwema lakini asiyejua kusokota, na nilikurudia jioni nikiwa na hadithi za kumsema yeye. Hukucheka. Ulisema kichwa kinauma, na kwamba Zakayo leo anapiga kelele.

Jumatano asubuhi ulikunywa chai na chai ikamwagika kwenye kifua chako. Ulijipangusa, ukanywa tena, ikamwagika tena. Nikakutazama usoni. Upande wa kushoto ulikuwa umelala, mdomo umeteremka, jicho limekataa kufunga. Hapo ndipo niliponyamaza. Wiki nzima na siku mbili nilikuwa nimecheka, na nilinyamaza siku ambayo hata kipofu angenyamaza.

Baba alikwenda mbio akaja na mkokoteni wa ghalani, tukatandika magunia, tukakulaza. Nilishika kichwa chako njia nzima kwa sababu kila jiwe lilikuumiza. Ulitapika mara mbili. Njia ile niliiona ndefu kuliko njia ya kwenda kwetu Maragoli, na nikawa namwambia Baba avute haraka, halafu avute polepole, halafu haraka, maskini mzee wa watu.

Walikupokea mara moja. Daktari alikugusa nyuma ya sikio, akajaribu kuinamisha shingo yako, akasema maneno machache kwa Kiingereza. Kiprono alitutafsiria akitazama chini. Usaha ulipokauka sikio halikuwa limepona, usaha ulikuwa umegeuza njia. Umeingia kwenye mfupa, na huenda umeshapita mfupa. Wakakupasua siku ile ile, wakachimba wakatoa walichoweza.

Alhamisi uliamka. Kichwa kilikuwa kimefungwa bandeji nyeupe, na mimi nikakaa upande wako wa kulia, ule uliobaki mzima. Uliniuliza kama memsabu alisema kitu juu ya blanketi. Nikasema alilia machozi. Ukajaribu kucheka na nusu ya uso. Kisha ukaniita niiname, ukasema polepole:

“Mwandikie Zakayo. Mwambie apunguze kunitaja. Sikio linachoka.”

Dada, nilikuwa na nafasi. Ningeweza kukwambia pale pale kwamba ile ya kidole niliitunga, kwamba yule si Zakayo, ni ugonjwa. Nikasema, “Nitamwambia.” Niliona ungeumia ukijua. Au niliogopa utakavyonitazama, sijui, miaka imepita na bado siwezi kutenganisha hayo mawili.

Jumamosi asubuhi ukaondoka.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa Kiprono. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Aliniketisha kwenye benchi nje ya wodi akanifundisha kama mtu anayefundisha mtoto kuvuka barabara. Alisema sikio linalofifia miaka mingi, kama la mzee, hilo lionyeshwe, lakini halina haraka. Linalozima ghafla, kwa siku moja au mbili au tatu, hilo ni la kupelekwa leo leo, hata kama haliumi, hata kama linaimba. Alisema usaha ukikatika na maumivu na homa vikabaki, au vikazidi, mtu asishangilie. “Na hii,” akagonga mfupa wa nyuma ya sikio lake, “ikivimba, usingoje. Dunia ikizunguka, usingoje. Uso ikienda upande, kichwa ikiuma na kutapika, hapo beba mtu hata kwa mgongo.” Nikamuuliza, kama tungekuja Jumatatu ile ya kwanza? Akasema hakuna dresa anayeweza kuapa, lakini wamepona wengi waliokuja mapema, na wengine wakabaki na sikio lao. Nikamshukuru, nikaenda nyuma ya wodi nikalia mpaka mfanyakazi wa usafi akaniletea maji.

Zakayo alirudi vita vilipokwisha. Alikuwa amejua kwa barua ya Baba, lakini alikuja nyumbani hata hivyo, amevaa koti la jeshi, amekuletea kitambaa cha hariri ambacho Mama alikipokea na kukiweka mapajani bila kukifunua. Nilimsindikiza alipoondoka. Nilikuwa na swali la muda mrefu, nikalitoa tulipofika kwenye uzio wa reli.

“Zakayo, ulikuwa unamtaja?”

“Nani, Rasoa?” Akasimama. “Kila siku. Wenzangu walinichoka. Kulikuwa na mmoja alikuwa akinilipia sigara ninyamaze.”

“Tangu lini?”

“Tangu treni itoke hapa stesheni. Hata kabla haijafika Timboroa nilikuwa nimeshamchosha mtu.”

Nilirudi nyumbani nikihesabu. Miezi yote ile, kila siku, mdomo wa mtu anayekupenda ulikuwa na jina lako, na sikio lako halikusikia lolote. Lilikaa kimya, likafanya kazi yake, likasikia “Haya!” yangu na mvua na Mama. Kama kutajwa kungeliza sikio, lako lingelia tangu stesheni. Lililia siku zile tu lilipokuwa linakufa. Ulipendwa kweli, dada, kuliko tulivyotania, na hilo ninakuletea kwa kuwa hukuwa na njia ya kulijua. Ila mapenzi yake hayakuwa sikioni. Sikioni palikuwa na ugonjwa, nami nikakukataza kuugusa.

Sasa nina watoto wawili. Mkubwa nimempa jina lako na ameshaanza kunilia ukoko, kwa hiyo damu yako ipo. Tumehamia upande wa Yamumbi, tuna kipande cha bustani. Mama ananywa chai yake na kugombeza kuku wangu. Wanajua hapa kwamba mimi ni mchangamfu, mtu wa maneno, na ni kweli, sikuacha utani. Ni utani mmoja tu ambao sitaki kuusikia.

Juma lililopita jirani yangu Loyce alikuja kuazima chungio. Mume wake yuko Nairobi. Akasema, akicheka, kwamba tangu jana hasikii na sikio moja, linalia tu, bila shaka huyo mwanamume amekumbuka nyumbani. Wanawake waliokuwepo wakapiga vigelegele. Nikaweka chungio chini.

“Loyce, chukua leso twende.”

“Twende wapi? Sina uchungu hata kidogo.”

“Ndiyo maana twende.”

“Wewe Jerusa, utanitoa kwa raha yangu?”

“Nitakutoa. Anayekutaja atakutaja hata ukiwa na dawa.”

Alinung'unika, akasema maharagwe yake yako jikoni. Nikamtuma binti yangu akayatazame. Tulipofika lokesheni ya zamani nilipitia makusudi mbele ya chumba chetu, kisha tukashika ile njia. Sikuwa nimeikanyaga tangu siku ya mkokoteni. Kwa miaka hii yote, nikitakiwa hospitali nimezunguka kwa barabara ya madukani. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ndefu. Nilikuwa nimejifunga leso kiunoni, nimemwambia Loyce tutapumzika mahali. Yeye alikuwa anaanza kunisimulia ugomvi wake na mama mkwe, na alikuwa bado hajafika kwenye tusi lenyewe, nikainua macho nikaona ukuta wa hospitali.

Nilisimama nikageuka nyuma, nikidhani nimekosea. Lakini paa za lokesheni nilikuwa naziona. Nadhani ningeita “Haya!” pale, mtu mlangoni kwetu angenisikia.

Loyce wamempa dawa, anaanza kusikia kidogo. Wewe nakuacha upumzike, dada yangu, nami nimekwisha kusema nililokuja kusema. Nimekutaja leo tangu asubuhi. Na ile njia, Rasoa, niliyoiogopa miaka yote hii, si mbali. Si mbali hata kidogo.

Mdogo wako,
Jerusa